Ndoano Huchagua Kabla ya Mvuvi



Walimu kadha na jamaa za wavuvi wametuuliza habari ya kuvua kwa ndoano: ni vyombo gani vyatakiwa, chambo gani chafaa, na kwa nini nyumba yetu yashikamana na ndoano hali majirani wengi wameiacha. Sisi tu mume na mke, twakaa kando ya Ziwa Victoria katika kisiwa cha Ukerewe, na kwa miaka mingi kitoweo chetu, nguo za watoto na karo ya shule vimetoka majini. Basi twaona yafaa kuwajibu wote pamoja. Tutaeleza kwanza habari za ziwa, kisha vyombo na matumizi yake, na mwisho shauri lililotupata nyumbani kwa ajili ya vyombo hivyo.

Neno letu kubwa ni hili: chombo huchagua samaki kabla mvuvi hajachagua. Samaki akiisha kulala chumbani mwa mtumbwi, uchaguzi umekwisha. Kwa hiyo mtu atakaye kuvua kwa haki na aanze dukani anaponunua ndoano, wala asingoje mpaka avute kamba.

ZIWA NA SAMAKI WAKE

Ziwa hili ni pana mno, kadiri ya kilometa za mraba 68,800. Nusu yake na zaidi kidogo imo katika Tanzania, na iliyobaki ni ya Uganda na Kenya. Lakini halina kina kikubwa kwa upana wake. Mahali penye kilindi kuliko pote ni kama meta 80 tu. Wazee walivua kwa migono, kwa nyuzio za matete, na kwa mishipi. Mwaka 1905 nyavu za kitani zilianza kutumika katika Ghuba ya Kavirondo, ndiyo Ghuba ya Winam ya leo. Samaki aliyetafutwa sana alikuwa ngege, yule sato wa asili. Hapo mwanzo nyavu zilijaa. Baada ya miaka samaki wakapungua, na watu wakatumia nyavu za macho madogo zaidi ili wawapate wale waliobaki.

Ndipo Bwana Michael Graham alipokuja kulichunguza ziwa, katika miaka 1927 na 1928. Katika taarifa yake ya 1929 alishauri macho ya wavu yasipungue inchi 5, ili ngege wapate kuzaa kabla ya kunaswa. Shauri hilo likawa sheria, lakini katika miaka ya 1950 ikaanza kuachwa. Leo kumpata ngege katika ziwa kubwa ni nadra sana.

Bwana Graham alionya pia kwamba kuleta samaki mkubwa alaye samaki wenziwe kungekuwa na hatari kubwa. Hata hivyo sangara aliletwa katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960, kutoka Ziwa Albert na Ziwa Turkana. Kwa muda hakuonekana sana. Kisha katika miaka ya 1980 akajaa pote. Furu, ambao walikuwa wa namna zaidi ya 500, wakaliwa, na wataalamu hukadiri kuwa namna zipatazo 200 zimetoweka. Sangara hakuwa sababu ya pekee, maana maji nayo yalikuwa yameharibika kwa uchafu na udongo wa mashamba. Tena hatuwezi kumlaumu samaki huyu bila kumshukuru Mungu kwa ajili yake, kwa kuwa nyumba nyingi za bati mnazoziona visiwani zimejengwa kwa fedha yake. Sasa naye apungua kwa njia ile ile iliyompunguza ngege. Ndiyo sababu twaandika.

NDOANO NA KAMBA YAKE

Ndoano huhesabiwa kinyume: kadiri namba inavyozidi, ndivyo ndoano inavyopungua ukubwa. Ya namba 8 ni kubwa kuliko ya namba 12. Vijana wengi hupenda zile ndogo kwa kuwa ni rahisi bei na hupata samaki wengi. Ni kweli hupata wengi, lakini ni watoto. Ndoano kubwa, yenye chambo kikubwa, haiingii upesi katika kinywa cha sangara mdogo. Humwacha aende zake.

Kamba kuu huwa ya nailoni iliyosokotwa, na juu yake hufungwa vitawi, kila kitawi na ndoano yake. Kati ya kitawi na kitawi sisi twaacha pima mbili, na kitawi chenyewe hakifiki pima moja. Sababu ni wazi: vitawi viwili vilivyo jirani visipofikiana, havisokotani, hata samaki akizunguka usiku kucha. Kitawi kiwe cha uzi mnene, maana meno ya sangara ni madogo yaliyosongamana kama tupa. Hayakati mara moja, bali husugua mpaka uzi ulegee. Mfuniko wa shavu lake nao una miiba mikali. Unapokaza fundo la nailoni, lilowanishe kwanza kwa maji, kwa sababu fundo kavu likivutwa kwa nguvu hupata joto na kudhoofika.

Katika miisho miwili ya kamba fungeni jiwe la kuizamisha na dumu tupu liwe boya. Ndoano zichomekwe kwa taratibu kwenye ukingo wa sanduku, ya kwanza kutoka iwe juu. Baada ya kazi zikaushwe na kunolewa. Ndoano butu humjeruhi samaki kisha humwacha, na hiyo ni hasara kwake na kwako.

CHAMBO

Hapa wavuvi wengi wa ndoano hujikwaa. Wanasema, "Sisi hatuharibu ziwa," kisha huingia ufukweni na chandarua kuwakokota samaki wachanga wa kila namna wapate chambo. Basi kuna faida gani kuiacha kokoro kwa mkono wa kuume na kuishika kwa mkono wa kushoto?

Chambo kizuri kwa sangara ni kambare mdogo aliye hai. Yeye huweza kuvuta hewa ya juu, hivyo hukaa hai katika ndoo yenye maji haba, na huchezacheza kwenye ndoano hata alfajiri. Mchomeni juu ya mgongo, nyama ya juu tu, msiguse uti. Katika Kenya na Uganda wako wafugaji wanaolea kambare wadogo kwa ajili ya kuwauzia wavuvi, na kazi hii yaweza kufanywa na nyumba yoyote iliyo na bonde lenye maji. Chimbeni kidimbwi, nunueni vifaranga kwa mfugaji anayejua kuwazalisha, wapeni pumba na mabaki ya dagaa. Jambo moja msisahau: wapangeni kwa ukubwa kila baada ya siku chache, maana kambare aliyewapita wenziwe kidogo huanza kuwala. Walimu wenye bustani ya shule wangeweza kuwafundisha watoto kazi hii, ikawa somo la hesabu na la viumbe kwa mara moja.

KUTEGA NA KUTEGUA

Twatega jioni na kutegua alfajiri. Mmoja apiga kafi polepole, mwingine aachia kamba. Mahali pa kutega hutegemea majira. Tangu Septemba hata Aprili hivi, maji ya juu hupata joto yakakaa juu ya maji ya baridi bila kuchanganyika. Hapo maji ya chini katika vilindi hupungukiwa na hewa, na sangara huyakimbia. Katika miezi hiyo mwenye kulaza kamba yake chini kabisa kilindini huenda akapata utupu. Afadhali aielekeze kwenye maji ya kina kidogo, au aongeze maboya ili kamba ielee kati. Mwezi wa Juni na Julai upepo wa kusini huyachanganya maji, hewa hushuka, na samaki nao hushuka. Lakini huo ndio wakati wa mawimbi. Asitoke mtu bila jaketi la kujiokolea, awe mzee au kijana.

Vuteni kamba polepole. Samaki atokaye kilindini kwa haraka hufura tumbo, kwa kuwa hewa iliyomo katika bondo lake hutanuka anapopanda. Mkimrudisha majini huelea ubavu, asiweze kuzama tena, na ndege humla. Kwa hiyo msijifariji kwa kusema, "Tukipata mdogo tutamrudisha." Wakati mwingine hurudi akaishi, lakini mara nyingi mnarudisha mzoga. Huruma ya kweli ni ile iliyotangulia, yaani ukubwa wa ndoano na uchaguzi wa mahali.

KATIKA MITO

Kwa wale wakaao kando ya Kagera, Mara, au mito mingine iingiayo ziwani, vyombo ni vichache: ufito mwepesi, mshipi, boya dogo la kijiti, chubwi, na ndoano yenye nyungunyungu. Tegeni penye maji yaliyotulia, nyuma ya jiwe au gogo, maana samaki hapendi kushindana na mkondo siku nzima. Hukaa pembeni akingoja chakula kiletwe na maji. Kambare hula sana maji yakichafuka baada ya mvua.

Lakini wakati wa mvua ndio ningu hupanda mito kwenda kutaga. Zamani walipanda makundi kwa makundi. Watu wakaziba vinywa vya mito kwa nyavu, wakawachukua wakiwa na mayai tumboni, na baada ya miaka michache makundi yale yakakoma. Mtu mwenye ufito mmoja hawezi kuufunga mto. Huo ndio udhaifu wa ufito, nao ndio wema wake.

SHAURI LA NYUMBANI KWETU

Sasa twaja kwenye jambo lililotupata. Mwaka juzi samaki walipungua sana upande wetu. Kulikuwa na juma ambalo kwa mausiku manne kamba yetu yenye ndoano 200 ilileta sangara watano tu. Binti yetu alikuwa shule ya bweni, na karo haijatimia. Kijana wetu wa kwanza, ambaye ndiye nguvu ya mtumbwi, akatujia jioni moja akaketi kwa heshima, akasema, "Baba, Mama, kuna mtu mwaloni ataka kunikopesha kokoro. Nitamlipa kwa samaki. Katika mwezi mmoja karo ya dada itakuwa imepatikana."

Baba yake akamwambia, "Mwanangu, wajua kokoro ni marufuku."

Akajibu, "Najua, Baba. Lakini samaki nisiowavua mimi watavuliwa na jirani kabla ya jua kuchomoza. Ziwa halitapona kwa sababu mimi nimelala njaa."

Wapendwa, neno hili si la kipumbavu, wala hatukulidharau. Mtu mmoja hawezi kulilinda ziwa. Asubuhi mama yake akamchukua mpaka ufukweni kokoro ilipokuwa ikivutwa, akanunua ndoo moja ya samaki wale, nao wakawamwaga juu ya mkeka na kuwahesabu. Walipata sangara zaidi ya mia tatu, wala hakuna hata mmoja aliyefikia shibiri moja. Kulikuwa na sato wachanga pia, maana kokoro hulima pale pale sato dume achimbapo kiota, na jike alinde mayai kinywani mwake. Mama akamwuliza, "Ndoo hii imeuzwa kwa bei gani? Na sangara mmoja aliyekomaa, auzwa kwa bei gani?" Kijana akaona ya kuwa mmoja aliyekomaa angaliwapita wote mia tatu. Akanyamaza, kisha akasema, "Ni kweli, Mama. Lakini njaa ni ya leo."

Naam, njaa ni ya leo. Tuliongea siku tatu, tukaomba, tukapiga hesabu. Mwisho tuliuza mbuzi wawili, tukanunua ndoano kubwa na kuchimba kidimbwi cha kambare. Karo tulilipa mara mbili mbili badala ya mara moja, na binti alirudishwa nyumbani juma zima kabla hatujatimiza. Alilia, nasi hatukuwa na neno la kumfariji. Kijana alikubali kukaa nasi, lakini hakukubali kwamba tumesema kweli katika yote. Hata leo kuna alfajiri jirani wa kokoro ashukapo na ndoo kumi nasi twashuka na samaki wawili, naye hututazama bila kusema neno.

Faida tumeiona, ila si kwa ghafula. Samaki wetu ni wachache, lakini ni wakubwa, na mnunuzi wa kiwanda hulipa zaidi kwa kila kilo ya samaki mkubwa kuliko ya mdogo. Wavu wetu haujapata kuchomwa moto mbele ya watu, kwa kuwa hatuna. Tena twakumbuka mwaka 1999, nchi za Umoja wa Ulaya zilipokataa samaki wa ziwa hili kwa sababu ya wale waliovua kwa sumu. Wachache walitia sumu, na viwanda na wavuvi wa nchi tatu wakaumia. Basi kama kosa la wachache laweza kuwafikia wote, hatuoni kwa nini uaminifu wa wachache usiwe na uzito wo wote.

JARIBU LA MABONDO

Kuna jaribu la pili, nalo ni la upande wa wakubwa. Bondo la sangara hununuliwa na kupelekwa ng'ambo, hasa China, na bei yake kwa kilo yaipita mbali bei ya nyama. Kadiri samaki alivyo mkubwa, ndivyo bondo lake linavyotamaniwa. Lakini sangara wale wakubwa sana wengi wao ni majike, na jike moja kubwa hubeba mayai kwa mamilioni. Kumwua yeye ni kuuza ghala ya mbegu.

Nchi za ziwa zilipatana zamani juu ya kipimo cha sangara, asipungue sentimita 50 wala asizidi 85. Kila serikali huweza kubadili kanuni zake, hivyo yapasa kila mvuvi amwulize afisa wa uvuvi au kamati ya ulinzi wa mwalo wake. Sisi nyumbani tumekata ufito na kuutia alama mbili, moja kwenye 50 na moja kwenye 85. Ufito huu hukaa mtumbwini. Ndoano zetu zikileta wengi wasiofika alama ya kwanza, twajua mahali pale ni malezi ya watoto, twahama. Wakija wengi wapitao ya pili, twahama vile vile, ingawa moyo wavutwa kubaki.

NENO LA MWISHO

Katika Injili ndoano yatajwa mara moja tu, pale Petro alipotumwa baharini kutafuta fedha ya kodi (Mathayo 17:27). Samaki mmoja alitosha kwa haja ya siku ile. Na katika mfano wa juya (Mathayo 13:47-48) wavuvi walikaa ufukweni kuchagua wema na wabaya, kwa maana juya lenyewe halichagui. Nayo Torati (Kumbukumbu la Torati 22:6-7) ilimkataza mtu akutaye kiota kuwatwaa mama na makinda pamoja. Alama mbili za ufito wetu zatukumbusha amri ile, nasi twamwachia ziwa mtoto ambaye hajazaa, na mama azaaye sana.

Kwa hiyo twawaomba ninyi walimu, wakateni watoto fito za namna hii, mkawafundishe kuzisoma kabla hawajashika kafi. Samaki mkunje angali mbichi. Nanyi wazazi, kijana akija na shauri la kokoro, msimfukuze kwa hasira. Pigeni hesabu pamoja naye, maana njaa yake ni ya kweli, na jibu lenu liwe na kitu ndani yake zaidi ya maneno: mbuzi, kidimbwi, ndoano mpya, au chakula mliojinyima. Na kanisa lisaidie nyumba inayochagua vema na kukosa karo kwa ajili ya uchaguzi huo.

Bwana awalinde wote waendao majini usiku, awarudishe salama.

Sisi wenzenu katika kazi na katika imani,
Baba na Mama wa nyumba moja ya Ukerewe